Shindano la Ndoana katika Maji ya Lualaba

Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda Kolwezi, akiisha kuiacha Likasi nyuma yake na kuvipita vilima vya Fungurume, huingia katika nchi ambayo kila kitu chake kimepimwa: kila kilima kina kadiri yake ya madini, kila lori lina mizani yake, na mazungumzo ya abiria, tangu alfajiri hata magharibi, huzunguka asilimia za shaba na za kobalti. Wala hapana ajabu, kwani Kongo ndiyo itoayo zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ichimbwayo ulimwenguni, na sehemu kubwa ya mali hiyo hutoka katika ukanda huu wa Lualaba, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 ilipogawanywa Katanga ya zamani na Kolwezi ukafanywa mji wake mkuu. Katika gari lile lililojaa watu wa madini mimi nilipakata ufito mrefu wa kuvulia uliofungwa kwa kitambaa, na kijisanduku cha nzi wa manyoya. Maana nilikuwa nimealikwa na marafiki wa Kolwezi kuingia katika timu yao kwa shindano la kirafiki la uvuvi, dhidi ya timu ya Likasi, na mwaliko wa namna hiyo mtu wa pwani aliyekulia kando ya maji hana njia ya kuukataa.

Uvuvi wenyewe sharti niueleze, kwa sababu wengi wa wasomaji wangu wameuzoea mshipi wenye chubwi na chambo, ambao uzito wa chubwi ndio uupelekao mbali. Huu ni kinyume chake: ndoana ni ndogo mno, imevishwa manyoya na nyuzi ipate kushabihi mdudu, na haina uzito wa kuweza kurushwa, uzito umo katika mshipi wenyewe, ambao ni mnene, na mvuvi huupeleka nyuma na mbele kwa ufito mwembamba hata unyooke hewani na kumtua mdudu yule wa bandia, aitwaye nzi, juu ya maji pasi na kishindo. Fani hii ilikuzwa Ulaya kwa ajili ya samaki aitwaye trauti, mpenda maji baridi yaendayo mbio, na katika Afrika Mashariki samaki huyo ni mgeni aliyeletwa: Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyelivuka bara kutoka Rasi hata Kairo, alimleta kutoka Loch Leven ya Uskoti mwaka 1905 na kumtia katika mto Gura, katika milima ya Nyandarua, na tangu hapo mito baridi ya milima hiyo na ya Mlima Kenya imekuwa na trauti, wengi wao wakilelewa kwanza katika mabwawa ya Kiganjo karibu na Nyeri. Huko ndiko nilikojifunza mimi. Kushindana nako kuna tarikhi yake, kwani mwaka 1981 mataifa yalikutana Luxembourg kwa ubingwa wa kwanza wa dunia wa uvuvi huu, na kanuni za mashindano hayo zimeenea hata kwa watu wasiopata kumwona trauti maishani mwao, kama walivyo wenyeji wangu wa Kolwezi.

Trauti hayumo Lualaba, wala hawezi kuwamo. Kolwezi umekaa mahali pa juu, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake humlazimu mtu kuvaa koti. Walakini maji ya mto, yakiisha kupigwa na jua la mchana, hupata joto asiloweza kulistahimili, kwani maji yakizidi nyuzi ishirini huanza kutaabika. Badala yake mawe ya Lualaba ya juu yana samaki wa ndevu, wa jamii ambayo wataalamu huiita Labeobarbus, mwenye magamba makubwa yang'aayo kahawia na dhahabu, akaaye palipo na kasi, akitafuta wadudu chini ya mawe, naye akishikwa hukimbia na maji kwa nguvu ambayo sikuiona kwa trauti yeyote wa ukubwa wake. Huko Afrika Kusini ndugu zake wamekwisha kupata heshima kubwa miongoni mwa wavuvi wa nzi. Huku Lualaba bado anajulikana na wachache, na nasema bila kusita kwamba anastahili safari. Katika ziwa wamo tilapia na kambale. Ama yule samaki mkali mwenye meno ya nje, ambaye wageni huja kutoka mabara ya mbali kumwinda, yeye makao yake ni chini zaidi, katika maziwa ya bonde la Upemba, mto ukiisha kuteremka magenge ya Nzilo.

Magenge hayo ndiyo yaliyowavuta wahandisi. Lualaba, ambao huanzia katika nyanda za Katanga na baada ya safari ndefu hugeuka kuwa mto Kongo, huanguka pale zaidi ya mita 400 kwa masafa ya kilomita sabini hivi, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoasisiwa mwaka 1906 na iliyoujenga mji wa Kolwezi mwaka 1937, ilihitaji umeme wa kusafishia madini yake. Mto ukafungwa kwa bwawa lililoanza kazi mwaka 1952, likapewa jina la Mbelgiji Alexandre Delcommune, mmoja wa wapelelezi wa karne ya kumi na tisa. Leo huitwa Nzilo, na ziwa lililokusanyika nyuma yake huitwa jina hilohilo. Atokaye Likasi huvuka daraja la Lualaba kabla ya kuufikia mji, na pale, baada ya vumbi jekundu la njia nzima, huona kwa ghafula maji mapana, mitumbwi, na akina mama wenye beseni za samaki kando ya barabara. Wasafiri wengi hupita wakiwa na macho yao katika simu. Sisi tulishuka.

Jioni ya kuamkia shindano tuliketi kambini, chini ya miti ya miombo, tukifunga nzi kwa mwanga wa taa. Nahodha wetu alikuwa mzee aliyestaafu ufundi wa umeme, ambaye vijana wote walimwita Papa na mimi nikamwita Mzee kwa desturi ya kwetu, na mbele yake palikuwa na vitu viwili tu: manyoya ya kanga, yenye madoa meupe, na kibiringo cha waya mwembamba wa shaba aliouchomoa katika mota iliyoungua. Hakutumia uzi hata mara moja. Alizungusha waya juu ya ndoana, akajenga kifua cha mdudu kwa mizunguko minene kidogo, akalaza nyuzi za unyoya, akazifunga kwa waya uleule, na kazi ikaisha kabla mimi sijamaliza kukata uzi wangu wa hariri. Nikamwambia kwamba alikuwa na mwalimu asiyemjua: Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon katika Wiltshire huko Uingereza, aliyechapisha mwaka 1958 kitabu kiitwacho Nymphs and the Trout, alifunga nzi wake kwa njia hiyohiyo, manyoya ya mkia wa ndege na waya wa shaba pasi na uzi, ili mdudu azame upesi na kuwafikia samaki walao chini. Mzee aliinua macho, akauliza kama huyo Sawyer alikuwa fundi wa umeme. Nilipojibu la, akasema basi alikuwa mtu wa akili, akaendelea na kazi.

Nami nikiutazama ule waya ukimetameta vidoleni mwake nilikumbuka kwamba shaba ya nchi hii ilikuwa fedha kabla ya kuwa umeme: ilikalibiwa kwa umbo la msalaba, ikaenda mkono kwa mkono katika biashara ya bara, na Msiri, mwana wa Unyamwezi, aliisimamisha dola yake ya Bunkeya juu ya shaba na pembe hata alipouawa Desemba 1891. Kwa njia hizo za misafara, na baadaye kwa kambi za wafanyakazi wa migodi, lugha yetu ilifika hapa na kupata nyumba, na ndiyo maana mtu wa pwani na mtu wa Kolwezi waliweza kuketi kwenye taa moja na kubishana juu ya manyoya ya kanga bila mkalimani.

Usiku huohuo kanuni zilisomwa. Ndoana isiwe na kijino, ipate kuchomoka bila kumrarua samaki. Samaki wa ndevu warudishwe majini wote. Samaki hupimwa kwa urefu, si kwa uzito, akilazwa katika ubao wenye kingo, uliolowanishwa kwanza, na asiyefika sentimita 20 hahesabiwi. Na kanuni iliyokuwa kubwa kuliko zote ni hii, kwamba kila mvuvi wa Kolwezi afungamanishwe na mvuvi wa Likasi: mmoja akivua, mwenziwe hushika ubao na daftari, muda ukiisha hubadilishana, na mwisho wote wawili hutia sahihi. Hakimu wa kila mtu, basi, alikuwa mpinzani wake.

Haya yaweza kuonekana ni mambo madogo kwa mtu asiyeijua nchi. Lakini katika ukanda wa shaba habari ya kupima ina uchungu wake. Wachimbaji wa mkono, ambao hushuka katika mashimo kwa kamba na tochi, na ambao katika mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, walichimba hata ndani ya nyua za nyumba baada ya madini kugunduliwa huko, huyapeleka magunia yao kwa wanunuzi, ambao hulielekezea jiwe mashine ndogo waiitayo metorex, ikatoa namba, na bei ikaifuata namba ile. Na malalamiko ya wachimbaji, ya miaka mingi, ni kwamba mashine ni ya mnunuzi, mizani ni ya mnunuzi, nao hawana chombo chao cha kuhakikishia. Wenyeji wangu walikuwa na jamaa na jirani katika kazi hiyo. Kwa hiyo waliposoma kanuni ya kupimiana waliisoma kwa sauti ya watu wanaolijua jambo wanalolisema, na hakuna aliyeomba ipunguzwe.

Alfajiri tuligawanyika kando ya mto, juu ya ziwa, pale maji yangali na mawe na sauti. Mwenzangu, yaani mpinzani wangu, alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Likasi, mama wa makamo, ambaye mimi nilimwita Mama Mwalimu naye akaniita Papa, na tangu hatua ya kwanza ilidhihiri kwamba alikuwa na macho ya maji. Hakuanza kurusha. Alisimama kitambo akitazama, akageuza mawe mawili ukingoni kuona wadudu walioshikamana chini yake, akachagua nzi mdogo wa shaba, akasogea mpaka mahali ambapo mkondo mkali ulipakana na maji yaliyotulia nyuma ya jiwe. Na huo mpaka, kama ajuavyo kila aliyevua mtoni, ndio mlango wa riziki ya samaki, ambaye hukaa pasipo na taabu na kula yapitayo penye taabu. Mshipi ulisimama. Aliinua ufito, na maji yakapasuka.

Samaki wake wa kwanza alikuwa mzuri, nikampima, nikaandika. Wa pili alikuwa mdogo. Nilimlaza katika ubao, pua yake ikagusa kingo, na mkia wake ukaja pale hasa penye alama ya ishirini, au kandokando yake, kwa namna ambayo mwenye roho nyepesi angeweza kuusogeza kwa kidole na mwenye roho nzito angeweza kuukunja. Kanuni ilisema mkia ulale kama ulivyoumbwa. Niliinama nikitafuta neno la insafu, naye, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na maji magotini, akatazama kidogo tu, akasema, "Haifike, papa. Mumuachilie." Nikamwachilia. Ilipofika zamu yangu alinipimia kwa uangalifu uleule, na samaki wangu mmoja, ambaye mimi nilimkadiria chini ya kiasi, yeye alimpa sentimita yake kamili kwa sababu mkia ulikuwa umepita alama. Nimehudhuria mashindano yenye vikombe na bendera. Sikumbuki kupata kuwa katika mikono yenye amana kama ile.

Adhuhuri tulihamia ziwani kwa mitumbwi, na huko ndiko kulikozuka hoja iliyokuwa na uzito kuliko alama. Mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa akitutazama kutoka ufukoni, aliwaona vijana wetu wakimrudisha tilapia mdogo majini, akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Munabarudisha mu mayi, na batoto batakula nini?" Swali lile halikuwa la dhihaka, wala halikustahili kujibiwa kwa kicheko. Desturi ya kuwarudisha samaki wote ilikuzwa na watu wenye chakula kingine nyumbani. Kuileta nzima-nzima mahali ambapo samaki ndiye kitoweo cha bukari, yaani ugali, ni kukosa adabu kwa wenyeji wa maji. Nahodha wa Likasi na nahodha wetu walishauriana papo hapo, wakakata shauri kwamba tilapia wote wakubwa wa alasiri ile, wakiisha kupimwa, wapewe akina mama wa ufukoni, na wadogo warudi. Nami naona walihukumu sawa. Maana yule mama, alipoulizwa, alisema yeye mwenyewe kwamba samaki wa siku hizi ni wadogo kuliko wa zamani, na akaitaja sababu bila kufundishwa na mtu: nyavu za macho madogo, na vyandarua vya mbu vinavyokokotwa katika vina vifupi pale samaki wanapotagia. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, uvuvi katika maziwa na mito mingi hufungwa kila mwaka tangu Desemba mosi hata mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaa. Mama yule aliijua habari hiyo pia, akasema kufunga ni kuzuri iwapo wote watafunga.

Liko na jambo lingine, ambalo mpenda maji hawezi kulinyamazia. Maji ya ukanda huu yamechukua mizigo ya viwanda kwa miongo mingi: bonde la mto Musonoi, hapo hapo Kolwezi, lilijazwa tope la masalio ya madini tangu zama za ukoloni, na katika Lufira ya juu, inayopokea maji ya upande wa Likasi na kulijaza ziwa Tshangalele, watafiti wamekuta madini ya sumu yamepanda kutoka matopeni hata katika miili ya samaki. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mikojo ya watu wakaao karibu na migodi ya Katanga, na kobalti waliyoikuta ilikuwa miongoni mwa viwango vikubwa kupita vyote vilivyopata kuandikwa kwa raia wa kawaida. Mvuvi wa nzi, ambaye hugeuza mawe kutafuta wadudu kabla ya kurusha, ni katika watu wa kwanza kujua mto umeanza kuugua, kwa kuwa wadudu hutoweka kabla ya samaki. Mawe aliyoyageuza Mama Mwalimu yalikuwa na uhai tele chini yake. Nililifurahia jambo hilo kuliko samaki wote wa siku ile.

Likasi walishinda. Mtoni tulikuwa karibu sawa, lakini ziwani vijana wao walizijua hori zenye majani ambamo tilapia hukaa jua likianza kulala, wakatumia nzi wa kijani wasiokuwa na shaba, wanaozama taratibu, na sisi tuliokuwa tumejifunga kwa waya wa Mzee tulipita chini ya samaki kwa muda mrefu kabla ya kufahamu. Mzee alimpa mkono nahodha wao, akamwomba mmoja wa nzi wale wa kijani ajifunze, akapewa watatu. Jioni tulikula bukari na sombe, yaani kisamvu, na kambale wa moshi, madaftari yakasomwa kwa sauti mbele ya wote, urefu wa samaki baada ya samaki, na hapakuwa na hata mstari mmoja uliobishiwa.

Madaftari hayo ndiyo yanayonifanya niandike. Ndani yake mna tarehe, mahali, aina ya samaki na urefu wake, vimeandikwa na mtu asiyekuwa na faida ya kuuongeza, na kwa maji ya Lualaba ya juu habari ya namna hiyo ni mali adimu. Basi nawasihi marafiki zangu wa Kolwezi na wa Likasi wasiyaache yaliwe na mchwa: shindano lijalo waongeze safu ya wadudu wa chini ya mawe na safu ya joto la maji, wawaalike wavuvi wa nyavu waandike pamoja nao, kisha wanakili kila ukurasa. Nakala moja ipelekwe Chuo Kikuu cha Kolwezi, na nyingine ikae kwa wavuvi wa Nzilo wenyewe.